Laxton: kijiji ambacho mipaka ya mashamba hukaguliwa kwa miguu

Ngano iliyopandwa Septemba au Oktoba huko Laxton huwa imefikia urefu wa kidole ifikapo Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Udongo bado uko wazi kati ya mistari, na ukingo wa kijani unaonyesha bila kificho jembe la kila mkulima liliishia wapi. Siku hiyo wakulima wapatao 12 pamoja na kiongozi wao hupanda trela linalovutwa na trekta, wakiwa na nyundo za mbao, masepetu na mzigo wa vigingi vilivyochongwa ncha. Wanakwenda kutazama nani kamega barabara, nani kaingia kwenye majani ya wote, na nani kajiongezea mfuo mmoja kutoka kwa jirani. Kazi hii imefanywa kijijini hapo kwa karne nyingi, na ndiyo sababu kubwa ya Laxton kubaki na kitu ambacho karibu Uingereza nzima ilikipoteza: mashamba makubwa ya wazi, yasiyo na ua, yanayolimwa na wengi kwa utaratibu mmoja.

Kijiji kiko Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, kilomita 15 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Newark. Wakazi wake hawafiki 300. Ukitaka kukielewa, anza na udongo. Upande wa magharibi, kuelekea msitu wa Sherwood, ardhi ni ya kichanga na maji hupita upesi. Upande wa mashariki liko bonde la mto Trent. Laxton imekaa katikati, juu ya mfinyanzi mwekundu mzito. Mfinyanzi huu hutoa ngano nzuri lakini hauna subira na mkulima: wakati wa baridi hunata kwenye buti na magurudumu hadi mtu ashindwe kutembea, na wakati wa joto hukauka ukapasuka. Siku zinazofaa kuulima ni chache. Ukiingia udongo ukiwa umelowa, unaubana ukawa kama tofali, na mizizi ya mwaka mzima itakulipiza. Na tofali si mfano tu, kwa maana nyumba nyingi za zamani kijijini ni za matofali mekundu.

Nyumba hizo nazo zina la kusema. Katika sehemu nyingi za Uingereza, nyumba ya mkulima iko peke yake katikati ya mashamba yake. Laxton sivyo. Nyumba za wakulima zimejipanga kando ya barabara za kijiji, nyingi zikiielekezea barabara ubavu wake mwembamba, na nyuma yake kuna yadi ya ng'ombe, ghala, kisha kiwanja kirefu chembamba. Sababu ni ya kawaida kabisa. Mtu ambaye ardhi yake imetawanyika pande tatu za kijiji hana faida ya kujenga upande mmoja. Akikaa katikati, mashamba yote huwa karibu sawa.

Mashamba makubwa ni matatu: Shamba la Magharibi, Shamba la Kusini na Shamba la Kinu, ambalo lilipewa jina la kinu cha upepo. Kwa jumla leo ni chini kidogo ya ekari 500. Ndani ya kila moja mna vipande virefu visivyotenganishwa kwa ua wala seng'enge, na kila mkulima ana vipande katika yote matatu. Zamani vipande vilikuwa vyembamba sana, na vipimo vyake vilitokana na nguvu za maksai. Urefu wa kawaida wa kuhesabia ulikuwa yadi 220, yaani mita 201, ambao husemwa kuwa ndio mwendo timu ya maksai iliweza kuvuta jembe kabla ya kuhitaji kupumua. Ukizidisha urefu huo kwa upana wa yadi 22, mita 20 hivi, unapata ekari moja, ambayo ilihesabiwa kuwa kazi ya siku. Wengi wetu tunaitaja ekari kila siku tunapouza na kununua viwanja bila kukumbuka kwamba ndani yake kuna pumzi ya ng'ombe.

Jembe la kukokotwa lilitupa udongo upande mmoja tu, wa kulia. Mlimaji alianzia karibu na katikati ya kipande, akaenda hadi mwisho, akageuka kulia, akarudi upande wa pili wa ule mstari wa katikati. Kila mzunguko ulisukuma udongo kuelekea katikati, na kila msimu tuta likapanda. Pembeni pakabaki mfuo ulioshuka. Kwenye mfinyanzi usiopitisha maji hilo halikuwa pambo. Mfuo ulikuwa ndio mtaro, na mwaka wa mvua nyingi walau ngano ya mgongoni mwa tuta ilipona. Timu ya maksai ilikuwa ndefu, mara nyingine wanane wakiwa wawili wawili, hivyo ilibidi ianze kukata kona kabla jembe lenyewe halijafika mwisho. Ndiyo maana matuta ya zamani hayajanyooka. Yamepinda kidogo kila upande, kama herufi S iliyogeuzwa.

Kwa nini mtu mmoja apewe vipande huku na kule badala ya shamba moja? Wanahistoria wametoa majibu mengi. Mimi naona jibu la kwanza liko kwenye udongo huohuo. Mteremko ukikauka mapema, bondeni bado kuna tope. Mvua ya mawe ikipiga upande mmoja, upande mwingine husalimika. Aliyekuwa na ardhi yote bondeni angekosa mkate mwaka wa mvua. Aliyetawanya alipoteza muda njiani, lakini hakupoteza mavuno yote kwa mpigo.

Mzunguko wa mazao ni wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza shamba zima hupandwa ngano ya majira ya baridi. Mwaka wa pili hupandwa mazao ya masika ya kule, kama shayiri, au jamii ya kunde. Mwaka wa tatu hupumzishwa. Mashamba yanapishana, kwa hiyo kila mwaka moja lina ngano, moja lina mazao ya masika, na moja limepumzika. Zamani shamba lililopumzika lililimwa mara kadhaa bila kupandwa ili kuua magugu, na mifugo ikaliacha na samadi. Siku hizi hutumika mara nyingi kwa majani ya kulisha wanyama. Hakuna anayeruhusiwa kupanda zao lake mwenyewe katika zamu isiyo yake, na hili ndilo jambo ambalo wageni hulielewa vibaya zaidi. Ardhi haikuwa ya kijamaa. Kila kipande kilikuwa na mkulima wake, na mavuno yalikuwa yake peke yake. Kilichokuwa cha wote ni ratiba. Baada ya kuvuna, mabua yalifunguliwa kwa mifugo ya wenye haki ya kuchunga, na kwa sababu hiyo mtu mmoja aliyechelewa kuvuna aliwazuia wote. Mnyama aliyeingia kabla ya siku yake alikamatwa na kufungiwa katika zizi la kijiji, na mwenyewe akalipa ndipo amchukue.

Katikati ya mashamba haya kuna mabonde madogo yenye maji ambayo jembe halikuweza kuyamudu. Wenyeji huyaita saiki. Yameachwa kuwa majani, na majani hayo yalinadiwa kila mwaka: atoaye bei ya juu ndiye anayekata nyasi za kukausha kwa ajili ya wanyama. Kwa vile hayajawahi kulimwa, maua ya porini yaliyotoweka kwingine bado yapo humo, na leo yanalindwa kisheria kwa ajili ya mimea yake. Mkulima anayemega mita moja ya saiki anaiba nyasi za jamii na anaua mimea ambayo hairudi kwa kupandwa tena mwaka ujao.

Tumeijua Laxton ya zamani kwa undani kwa sababu ya ramani. Mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce alichora kijiji kizima kwa amri ya mwenye ardhi wa wakati huo, Sir William Courten, mfanyabiashara wa London. Pamoja na ramani aliandika daftari lenye jina la mkulima na ukubwa wa kila kipande, na vipande vilizidi 2,000. Alichora hata watu wakilima, wakivuna na kuchunga. Ramani hiyo iko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Wakati ule kulikuwa pia na Shamba la Mashariki, dogo kuliko mengine, ambalo baadaye lilizungushiwa ua. Lakini ramani haikuwahi kulinda mpaka hata mmoja peke yake. Ilikaa kabatini kwa mwenye ardhi. Jembe lilikuwa shambani.

Na jembe hupotoka, hata pasipo nia mbaya. Chukua mfuo mmoja wenye upana wa sentimita 30. Ukivuka mpaka kwa mfuo huo katika urefu wa mita 201, umechukua mita za mraba 60. Ukirudia kosa lilelile mara tano, umefika 300, zaidi ya asilimia saba ya ekari. Jirani yako hataona mwaka wa kwanza, pengine hata wa pili. Ataona siku atakapopima mbegu na kukuta zimebaki. Hapo hakuna awezaye kusema ni nani aliyeanza, kwa sababu pasipo ua hapana alama ila kigingi, na kigingi cha mbao huoza, hung'olewa na jembe, au hupotelea chini ya tope.

Kwa hiyo jopo, yaani wale wakulima wa kwenye trela, huenda kwenye shamba lililopandwa ngano mwaka huo, hilo tu. Kwa mzunguko wa miaka mitatu kila shamba hufikiwa. Wakulima hugawanyika makundi na kutembea ukingo kwa ukingo. Huanza kwa kutafuta kigingi cha zamani au shimo lake. Kikipatikana hapa na kingine kule mwisho, mtu husimama penye kimoja na kutazama kingine, na mstari hujulikana. Kigingi kilichooza huchimbiwa kingine papo hapo, hugongwa hadi kisimame imara. Mahali mkulima alipolima na kupanda kupita mpaka wa njia au saiki, kigingi hugongwa katikati ya ngano yake, pale mpaka unapostahili kuwa. Yeye na kila apitaye watakiona majira yote ya baridi. Mitaro nayo hutazamwa. Mfinyanzi hausamehe: mtaro mmoja usiozibuliwa hutuamisha maji kwa jirani wa juu, na ngano iliyosimama ndani ya maji Januari huwa njano Februari. Mchana hurudi Dovecote Inn, baa ya kijiji, hula pamoja, kisha huandika makosa, majina na faini, wakaweka sahihi.

Wiki moja baadaye hukaa mahakama ya kijiji inayosimamia mashamba, iitwayo Court Leet, palepale Dovecote Inn. Msimamizi wake ni mwanasheria anayemwakilisha mwenye ardhi. Majina ya wanaopaswa kuhudhuria husomwa, na asiyefika bila udhuru hutozwa peni chache. Ripoti ya jopo husomwa, faini hutajwa, na jopo la mwaka unaofuata huapishwa. Ndilo litakalokagua shamba la ngano linalofuata. Asiyekubali uamuzi huweza kupinga, na hapo hakuna hoja ndefu: watu hurudi shambani kutazama. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza liliondoa mamlaka ya kisheria ya mahakama nyingi za kale za aina hii, na zile zilizobaki kwingine nyingi ni sherehe za mavazi na karamu. Ya Laxton bado ina mashamba ya kusimamia.

Faini ni ndogo sana kulingana na thamani ya ngano, na mgeni huuliza kama kweli inamzuia mtu. Nguvu haiko katika pesa. Aliyekukagua mwaka huu utamkagua mwaka ujao au wa tatu, na jina lako limesomwa mbele ya watu mtakaokutana nao barabarani kesho asubuhi. Ofisi ya mbali ingetuma barua. Barua haijui kigingi cha zamani kilikuwa kando ya mti gani.

Kijiji chenyewe ni cha kale kuliko kumbukumbu zake. Kitabu cha kodi cha mfalme William cha mwaka 1086 kinakitaja. Kaskazini mwa nyumba kuna kilima cha ngome ya Wanormani na boma lake la udongo, kikubwa na kilichohifadhika vizuri. Mabwana wa Laxton walikuwa walinzi wa msitu wa mfalme huko Sherwood. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lina makaburi ya ukoo wa Everingham, likiwamo umbo la mwanamke lililochongwa kwa mti wa mwaloni. Ya mawe ni ya kawaida katika makanisa ya Uingereza; la mti kudumu tangu karne ya 14 ni jambo la nadra.

Vijiji vingine vilikuwa na mashamba kama haya. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ua ardhi, zikagusa ekari milioni 6.8. Vipande vilikusanywa, vikapimwa upya, ua ukapandwa, malisho ya wote yakaisha. Wenye ardhi kubwa walipata mashamba mazuri zaidi. Aliyekuwa na ng'ombe mmoja na haki ya kuchunga alipata kijisehemu kisichotosha hata kulipia ua wake, akauza. Laxton nayo iliguswa, na sehemu kubwa ya eneo lake ikafungwa kidogo kidogo, lakini mashamba matatu yalibaki. Ardhi ilikuwa imegawanyika hasa kati ya mabwana wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, ambao kwa muda mrefu hawakufikia mapatano ya kubadilishana, na gharama nayo haikuwa ndogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Manvers aliunganisha vipande vingi kuwa vichache na vipana zaidi. Bila hatua hiyo, sidhani kama mfumo ungestahimili kuja kwa trekta.

Mwaka 1952 Earl Manvers aliuza ardhi kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, kwa nia kwamba mashamba ya wazi yahifadhiwe. Msomaji wa Kenya ana haki ya kusimama hapa. Mwaka 1954, miaka miwili tu baadaye, serikali ya kikoloni Nairobi ilianza kutekeleza mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wake wa kilimo. Mpango huo ulichukulia vipande vilivyotawanyika vya Wakikuyu kuwa kizuizi cha maendeleo, ukataka vikusanywe, vipimwe na kupewa hati. Ilifanyika katikati ya Hali ya Hatari, na wengi waliokuwa kizuizini walirudi wakakuta ardhi imekwisha kugawanywa. Mtindo uleule wa kutawanya vipande mitelemkoni na mabondeni, kwa sababu zilezile za udongo na mvua, ulinunuliwa kwa fedha za umma Nottinghamshire ili usife, na ukavunjwa kwa amri Nyeri na Kiambu. Tofauti haikuwa katika kilimo. Ilikuwa katika nani aliyeulizwa.

Mwaka 1981 ardhi ilihamia kwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za taji la Uingereza, na mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby Estate, yenye uhusiano na ukoo uleule wa Manvers. Wapangaji wanaendelea kulima, lakini si kwa urahisi. Upana wa mashine ya kupandia haugawanyiki sawasawa katika upana wa kipande, hivyo mpito wa mwisho ama unaacha ukanda mtupu ama unamwingilia jirani. Trekta kubwa huhitaji nafasi ya kugeukia, na nafasi iliyopo ni njia ya majani ya wote. Magugu ya mzembe mmoja huangusha mbegu kwa mwangalifu. Hakuna anayeweza kupanda chochote chenye bei nzuri mwaka ambao shamba liko zamu nyingine. Bei ya ngano ikianguka, yote haya huuma zaidi.

Anayetaka kwenda apeleke buti za mpira, si viatu vya kamba. Pale Dovecote Inn kuna maonyesho madogo ya kueleza mfumo, na njia za miguu za umma hupita kandokando ya mashamba. Novemba hadi Machi ndio wakati mipaka inaonekana vizuri. Juni ndio wakati wa maua ya saiki. Panda kilima cha ngome jua likiwa limeshuka. Ukitafuta matuta ya maksai kwenye yale mashamba matatu utayakosa karibu yote, maana majembe ya kisasa yanayolima kwa kina yameyasawazisha. Yatafute kwenye malisho yaliyozungushiwa ua: ardhi iliyofungwa zamani ikageuzwa majani haikulimwa tena, na humo kivuli cha jioni kinaonyesha tuta baada ya tuta, yote yamepinda mwishoni, pale ng'ombe walipoanza kugeuka.